Udongo wa Kufunika Moto

Jumatano, 24 Machi 1993

Pampu ya mgodi imenyamaza. Wiki jana walisema mafuta yamekwisha, juzi wakasema fundi hayupo, leo hakuna aliyesema kitu. Maji yanapanda ndani ya shimo, ya kijani, hata yanapendeza ukiwa hujui mashine gani zimebaki chini yake. Watoto wa darasa langu wamekwenda kuyatupia mawe badala ya kuja shule. Nimewafuata na fimbo. Chaki hakuna, lakini fimbo bado ipo!

Kisangwe bila makaa ya mawe ni nini? Shimo, kilima, na sisi.

Mulumba, mume wangu, bado anaamka alfajiri kwenda kilimani kama vile kuna mkubwa anayemngoja huko. Kilima chenyewe ni uchafu wa mgodi: mawe, vumbi na makaa mabovu yaliyotupwa tangu enzi za Wabelgiji. Kinaungua ndani kwa ndani bila mtu kukiwasha. Kazi ya Mulumba ni kukivika udongo mwekundu, kuushindilia, kupanda majani juu yake na mikaratusi pembeni, ili moto usipate pumzi. Miombo ya zamani ililiwa yote na mgodi. Aliponileta hapa nikiwa bibi arusi, upande wa magharibi ulikuwa mweusi kama sufuria la msibani, hata panya hapiti. Sasa kuna msitu, na chini yake, kwenye dembo, bonde la majimaji, tunalima mboga mpaka kiangazi.

Namwambia kilima ni mke wake mkubwa, mimi mdogo. Anajibu kwamba yule mkubwa angalau hasemi sana.

Ijumaa, 26 Machi

Nimecheka leo, halafu nikajuta.

Mulumba alipita dukani kwa Nasoro, jirani yetu mwenye lori, akakuta radio inasema. Jioni akaingia ndani ana wasiwasi kabisa. Ananiambia: banasema bilulu binakula chakula yote ya Katanga, bitoke. Akaniuliza kama nimeviona kwenye muhogo wetu. Akasema atachukua majivu, tuyamwage kwenye majani kabla vidudu havijavuka dembo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Binti yetu Mignonne naye akacheka kwa kuniona mimi. Kisha nikaona hajui kweli. Kutwa nzima yuko na koleo lake kule juu, nani angemwambia? Nikamwambia polepole: hawasemi vidudu vya shamba. Wanasema Wakasai. Bilulu ni wewe.

Aliweka ndoo ya majivu chini. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, akaja kutandika reli. Mulumba mwenyewe alizaliwa Lubudi, Kasai hajaiona hata kwa dirisha la treni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu walimkuta na jembe mkononi tangu utoto!

Akala bukari, ugali wetu wa muhogo, akamaliza. Majivu akaenda kuyamwaga kwenye muhogo hata hivyo.

Jumatatu, 29 Machi

Treni kutoka Kolwezi imepita. Hapa haisimami tena tangu mgodi ulale, inapunguza mwendo tu kwenye kona ya dembo. Watu mpaka juu ya mabehewa. Magodoro, kuku, cherehani. Mama mmoja amekaa juu ya mlango. Mlango wa nyumba, mzima, na kitasa chake! Amewaachia nyumba, akang'oa mlango.

Tulikuwa bustanini, mimi na Aicha, mke wa Nasoro. Wanawake wengine wakaacha majembe wakapunga mikono kama ilivyo desturi treni ikipita. Kule juu hakuna aliyepunga. Aicha alishusha mkono wake haraka, mimi wangu ulikuwa bado hewani.

Mulumba anasema wale ni watu wa Kolwezi, walikuwa na vyeo na nyumba nzuri, ndiyo maana wanaonewa wivu. Sisi ni watu wa porini. Nani atakionea wivu kilima cha uchafu? Anapenda kujituliza, mume wangu.

Jumapili, 4 Aprili

Jumapili ya Matawi. Watu wametoka misani na matawi mkononi, wakapitia mashoka nyumbani, wakapanda kilimani kukata mikaratusi ya Mulumba.

Siyo mmoja wawili. Familia nzima nzima. Baba anakata, mama anakusanya, babu anachagua mahali pa tanuru. Mgodi umekufa, kila mtu sasa ni mchoma makala, mkaa wa miti, na msitu mwingine wa karibu haupo. Njaa ninaielewa, nami ninayo. Lakini walikuwa wanaimba! Na Mulumba amesimama pale chini kofia mkononi, mtu aliyeimwagilia ile miti mmoja mmoja kwa kopo.

Kibaya zaidi ni udongo. Tanuru la makala linataka udongo wa kulifunika, na udongo mlaini, mwekundu, uliopondwa tayari, uko wapi? Kwenye mgongo wa kilima. Wanauchota uleule. Mulumba akawafuata, akawaomba kwa adabu wachukue miti kama wanataka miti, udongo wauache, huo ndio unaoziba moto. Wakamwambia udongo ni wa Katanga.

Kabemba alikuwa mmoja wao. Ndugu yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni! Mlinzi wa mgodi, sasa hana cha kulinda. Nilimvuta kando. Hakuniangalia machoni. Alisema miti ni ya kampuni na kampuni imekufa. Nikamwuliza, na shemeji yako je, amekufa? Akafuta jasho. Ndipo akaniita yaya, dada mkubwa, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

“Yaya, umuambie atoke yeye mwenyewe. Bakimutosha kwa nguvu, mi sitaweza kitu.”

Alhamisi, 8 Aprili

Bustani zimegawanywa. Hakuna mkutano, hakuna chifu aliyeitwa, hakuna kuku aliyechinjwa. Nimefika dembo asubuhi nikakuta kamba na vijiti. Kitalu cha miche cha Mulumba ni vipande sita vya watu sita, mmoja ameshapanda maharage juu ya miche hai. Muhogo wangu umeachwa kwa sababu mimi ni dada yake Kabemba. Wa jirani yetu Louis, Mkasai, fundi wa umeme, umeng'olewa mpaka mizizi midogo. Louis aliondoka Jumanne na familia yake bila kuaga. Nilikasirika wakati ule. Leo sina hasira naye.

Kaburi la mama mkwe wangu liko pale, ukingoni mwa dembo, chini ya kilima. Wamelima kulizunguka, karibu kabisa, jembe limegusa mawe. Wamelibakisha kama kisiwa. Nilimfahamu aliyelima. Tunasali pamoja! Alinisalimia vizuri tu, akauliza habari za Mignonne.

Jioni moshi umeonekana upande wa dembo, mahali walipochota udongo. Siyo wa tanuru, huu ni mwembamba na wa njano, na unanuka mayai mabovu. Mulumba ameuona kabla yangu. Amechukua koleo, akaenda. Amerudi mikono imebabuka, anasema ameziba. Hapo tu.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Tumekula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Kwenye misa viti vya Wakasai vilikuwa wazi, mpaka tukaonekana sisi watatu peke yetu katikati ya nafasi. Mignonne alinishika mkono, anao umri wa miaka kumi na mitatu na hajanishika mkono kanisani siku nyingi.

Jumanne, 13 Aprili

Wamempiga Mulumba mawe. Alikuwa anaziba ufa, wakadhani anazika kitu, au walijifanya kudhani. Bega limevimba, sikio limepasuka. Nimemkanda kwa maji ya moto na hakusema hata aa. Nilitaka aseme! Nilitaka alie, atukane, avunje sahani. Anauliza tu kama niliona ufa umefika wapi.

Kabemba amekuja mchana, amekaa kwenye kiti cha Mulumba bila kujua, kisha akajua, akahamia kwenye kinu. Vijana wanaofukuza Wakasai wametoa siku: mwisho wa kuondoka ni Jumamosi. Akaeleza walivyopanga yeye na mama yetu. Mulumba aende. Mimi nibaki, nyumba ibaki kwa jina letu. Na Mignonne, ingawa mtoto ni wa baba yake, watasema ni wa Kabemba, alizaliwa nje, nilimlea tu. Jina la Mulumba asilitaje tena shuleni.

Mignonne alikuwa mlangoni na bakuli la maharage. Alisikia yote.

Mulumba akasema ni sawa. Sawa! Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa kama chai imetosha. Akasema Kasai hana mtu, hajui hata atashukia wapi, kwa nini atupeleke kufa kando ya reli. Akiona kumetulia atarudi.

Nimemfokea. Nimemwambia ameniuza kwa ndugu zangu bila hata kunitazama. Lakini humu ndani, ambamo hasomi mtu, niseme ukweli: alipotamka “sawa” kifua changu kilipumua. Siitaki Kasai. Huko nitakuwa mimi kilulu. Nampenda Mulumba na siitaki safari yake, na vyote viwili vimelala kitanda kimoja nami.

Jumatano, 14 Aprili

Tumepatana. Anaondoka peke yake. Mimi na Mignonne tunabaki mpaka mambo yapoe.

Mignonne hasemi na yeyote. Amefua nguo za baba yake zote, hata safi.

Ijumaa, 16 Aprili

Nitaandika yote ya leo.

Nilikwenda kuchimba muhogo wa njiani wa Mulumba. Kwenye kijia cha dembo wameweka baryeri, mti mmoja wa mkaratusi juu ya ngoma mbili, yaani mapipa ya mafuta. Vijana wageni, wametoka upande wa reli, sikuwajua. Kila mama anayepita wanamsalimia Kiluba cha hapa, aitikie. Mkasai atajulikana kwa kuitikia kwake. Mchezo wa watoto! Nilikuwa nawadharau kabisa moyoni, nimebeba jembe langu, nawaza mihogo mingapi itamtosha njiani. Mmoja akasema:

“Wakomapo, mama.”

Na mimi nikajibu: “Moyo.”

Moyo! Salamu ya Kasai. Mimi, binti wa Bukama, Katanga hii hii, mwenye babu aliyezikwa Bukama! Nilijua jibu tangu sijaota meno. Lakini mama mkwe wangu aliishi nasi miaka yake yote ya mwisho, na alikuwa haitikii Kiswahili, haitikii Kiluba chetu, asubuhi hapokei chai mpaka umempa moyo wake. Nilinung'unika mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili ulimi ukazoea. Alipokufa tukaendelea, mimi na Mulumba, kila tukiamka, kwa mazoea tu, na kwa kumkumbuka. Ulimi haukuniuliza leo. Ulijibu wenyewe.

Wakaninyang'anya jembe. Nikaanza kuwasemesha Kiluba, kile cha ndani, cha bibi zetu, methali juu ya methali. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo walivyocheka. Mmoja akawaambia wenzake huyu amejifunza mpaka akamaliza.

Na Kabemba alikuwepo. Kwenye ngoma ya pili, amekaa, fimbo katikati ya magoti. Nikamwita kwa jina lake la nyumbani. Wote wakamgeukia.

Alikawia. Sijui ilikuwa muda gani, ilitosha mimi kuona kwamba viatu alivyovaa ni vya Louis.

Kisha akasema, huyu ni dada yangu. Wakamwuliza, sasa mbona anajibu kama wao? Akaangalia fimbo yake. Mimi nilikuwa na jibu, lakini nani angelielewa? Kabemba akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini: “Yaya, enda.” Niende nyumbani au niende stesheni, hakusema. Nimetembea mpaka hapa nikilitafuna hilo neno moja.

Jumamosi, 17 Aprili

Kabemba alituma mke wake asubuhi na jembe langu. Na ujumbe. Mambo yanaweza kutengenezwa, nisimame mbele ya vijana niseme kwamba yule bwana nimemwacha, simjui. Siyo kwa moyo, kwa mdomo tu. Mama naye amesema mkataa kwao ni mtumwa.

Nimemwambia mke wa Kabemba nitafikiri. Nimesema hivyo kweli. Nitafikiri.

Nasoro ametupakia sisi watatu kwenye lori lake chini ya magunia matupu. Aicha ametufungia mikate na amelia kuliko mimi. Nimesema ninamsindikiza Mulumba mpaka Lubudi tu, ndiyo maana nimeacha sufuria kubwa na nimefunga mlango kwa ufunguo. Lori lilipopita chini ya kilima Mulumba alifunua gunia akatazama. Upande wa magharibi ni vishina vitupu, na mashimo ya udongo mwekundu, na moshi sehemu nyingi. Alifunika tena.

Jumatatu, 19 Aprili

Lubudi, stesheni. Treni haijulikani itakuja lini. Tuko wengi sana, kwenye sementi, chini ya mabehewa mabovu, mpaka kwenye mahindi ya watu ng'ambo ya reli. Mahindi yenyewe yameliwa yakiwa mabichi, mabua yamechomwa kupikia, sasa ni uwanja mweupe. Mwenye shamba alikuja jana, akatutazama, akarudi bila kugomba. Mwanadamu akikosa pa kukaa anaila nchi kama nzige, nasi tuko vivyo hivyo. Nimekwenda kuvunja matawi ya mwembe wa mtu nisiyemjua, mimi niliyelia kwa ajili ya mikaratusi!

Mvua ya mwisho imetunyeshea usiku kucha.

Alhamisi, 22 Aprili

Mzee mmoja aliyekuwa amelala karibu nasi amefariki. Fundi wa reli, amefia kwenye reli aliyoitengeneza. Mulumba ndiye aliyechimba kaburi nyuma ya ghala, kwa sababu ana mkono wa koleo. Alilishindilia vizuri, akapanda majani juu. Mjane alimshukuru kwa Kikasai kirefu, na Mulumba akaitikia kwa kifupi, lugha yake ni ya mtoto, hajaitumia nje ya nyumba.

Hapa nao wananitazama. Wamenisikia nikisema Kiluba changu na mchuuzi wa karanga. Mama mmoja wa Kolwezi, Kapinga, ambaye nyumba yake imechomwa, akaniuliza waziwazi: ndugu zako ndio wametutosha, wametufukuza, sasa unatafuta nini hapa katikati yetu? Mignonne ndiye aliyemjibu, maneno yake ya kwanza kwa siku nyingi. Akasema, “Ni mama yangu. Balimutosha naye.” Kapinga akasogeza mfuko wake, akanipa nafasi ya kukaa.

Mulumba kanikumbusha kwamba Nasoro anarudi Kisangwe kesho. Kama ninataka. Nimemwambia asiniharakishe. Kesho ikifika nitajua.

Ijumaa, 23 Aprili

Nasoro amerudi Kisangwe. Nilimpa chumvi tu ampelekee Aicha. Sijui bado.

Jumapili, 25 Aprili

Treni iko hapa! Imeingia alfajiri, imejaa tayari watu wa Kolwezi na Likasi, na sisi tukasukumwa juu yao. Halafu kichwa kimekatwa kikaenda kutafuta mafuta, mabehewa yamebaki yamesimama. Ndiyo maana ninaweza kuandika, nimekaa kwenye jiwe kando ya reli, jua kali.

Mignonne yumo ndani tangu asubuhi. Alipanda kwanza, bila kuambiwa, akatandaza kitenge changu sakafuni, upana wa watu watatu, akakaa katikati yake. Watu wanamsukuma, hasogei. Mimi niko chini. Mulumba alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani.

Saa chache zilizopita amefika Kabemba kwa baiskeli. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani amekuja kunichukua, nikaanza kupanga maneno. Amenipita! Amesema “Yaya” kwa heshima, akanipita, akaenda mpaka mlangoni mwa behewa, akavua kofia mbele ya Mulumba.

Kilima kimewaka. Siyo moshi tena. Mgongo wote wa upande wa dembo umefunguka, moto umeshuka chini ya ardhi mpaka kwenye bustani zile walizogawana. Muhogo unaiva ukiwa udongoni, wanachimba wanakuta jivu. Mtoto wa yule mama tunayesali naye amezama mguu, umeungua mpaka goti. Wamemwaga maji, maji yamelipuka. Wamemwaga mchanga, mchanga umemezwa. Wazee wamekaa, vijana wa baryeri wamekaa, na wote wamesema neno moja: aitwe Mulumba.

Mulumba alishuka kwenye behewa. Hakufikiri hata kidogo, alishuka. Wamechuchumaa pale kwenye kokoto, ameokota kijiti, anachora kilima chini. Anauliza ufa ulianzia wapi, upepo unatoka wapi, udongo umebaki kiasi gani. Sauti yake imebadilika. Sijamsikia akiongea hivyo tangu pampu inyamaze. Kabemba anamwita beau, yaani shemeji: ndiyo beau, ndiyo beau, kama mwanafunzi wangu, kisha akasema mi sitaweza kubaelezea yote haya, beau, ukuye weye. Hakuna atakayekugusa. Bamekula kiapo. Upande wa kaburi ya mama yako bado hapajafika, lakini panafika.

Nikamwuliza Kabemba: akizima moto, na kisha?

Akatazama kofia yake. Siyo mtu mbaya, ndugu yangu. Angekuwa mbaya angenidanganya.

“Kisha treni ingine itakuya,” akasema.

Mulumba amesikia. Najua amesikia, kijiti kilisimama kidogo. Kisha kikaendelea kuchora, mstari wa dembo, duara dogo mahali pa kaburi. Nilitaka kukikanyaga kile kilima cha kokoto kwa mguu wangu. Sikukikanyaga. Alinyanyua uso akanitazama, na baada ya miaka yote hii, baada ya “sawa” ile, ameniuliza:

“Fidélie, weye unasema namna gani?”

Sijamjibu. Nimekuja kukaa hapa kwenye jiwe nikitafuta jibu, nimeandika kurasa zote hizi na silioni. Nikisema twende, kaburi la mama yake litaungua na yule mtoto mwingine atakayezama atakuwa wangu pia. Nikisema rudi, ninawarudishia wao mume wangu ili wamtumie mpaka moto uishe. Naye anangoja. Kabemba anangoja, ameshika baiskeli, kiti cha nyuma ameshakifunga gunia ili kisimuumize mtu.

Kichwa cha treni kinarudi. Nakisikia kwenye daraja. Watu waliokuwa chini wanakimbilia milango, Kapinga ananipungia mkono niharakishe. Behewa letu limegongwa, limeruka kidogo, watoto wamepiga kelele. Kuna baba mmoja anataka kuweka godoro lake kwenye kitenge changu, anamwuliza Mignonne hii nafasi ni ya nani.

Mignonne hajatazama nje, wala kwangu wala kwa baba yake. Ameweka viganja vyote viwili juu ya kitenge, kimoja huku, kimoja huku.

“Ni ya baba na mama,” anamwambia. “Banakuya.”

Mulumba bado ameshika kijiti, ananingoja. Nafunga daftari —